Seva Mpya, Programu ya Zamani: Kisa cha Ofisi ya Wafugaji wa Maziwa Mjini Tanga

Ofisi inayozungumziwa hapa iko Tanga mjini, nayo ni ya chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ambacho jina lake halina haja ya kutajwa. Wanachama hupeleka maziwa asubuhi na alasiri, wengine hapo hapo ofisini na wengine kwenye vituo vya kukusanyia vya Pongwe, Maweni na Muheza, ambavyo madaftari yake huletwa ofisini na gari la maziwa. Maziwa hupimwa, lita huandikwa, na kila nusu ya mwezi mfugaji hulipwa baada ya kukatwa pumba, mashudu na dawa alizochukua kwa mkopo. Hesabu yote hiyo ilikuwa ikifanywa na programu ya kurasa za wavuti iliyoandikwa kwa PHP mwaka 2009, ikaishi tangu hapo ndani ya kompyuta moja ya mezani yenye Windows XP, juu ya XAMPP, ule mkusanyiko unaomwekea mtu Apache (seva ya wavuti), MySQL (hifadhidata) na PHP (lugha ya programu) kwa mkupuo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwezi Aprili 2014, lakini programu iliendelea kutoa hundi za malipo, na kifaa kinachofanya kazi ofisini huwa hakiguswi mpaka kianze kulia. Diski ilipoanza kulia, uongozi ukanunua kompyuta nyingine iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8, ambayo kwa kazi ya ofisi ya ukubwa huo inatosha na kubaki.

Aliyepewa kazi ya kuhamisha alikuwa fundi kijana, mwepesi wa kujifunza. Alisakinisha Debian 12, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, akaweka Apache, PHP na MariaDB, hifadhidata iliyo ndugu ya MySQL, akanakili folda nzima ya programu kutoka mashine ya zamani, akapakia nakala ya hifadhidata, kisha ndipo akafungua kivinjari kutazama matokeo. Fomu ya kuingilia haikutokea. Kilichotokea ni msimbo wa PHP wenyewe, mstari kwa mstari, pamoja na jina la mtumiaji wa hifadhidata, ambalo lilikuwa root, yaani mtumiaji mkuu mwenye uwezo wote, na nafasi tupu mahali pa nenosiri. Kuanzia hapo alitibu dalili moja baada ya nyingine kwa dawa alizozipata huku na huku, na kila dawa ikaacha alama yake kwenye mashine. Nilipoombwa kuiangalia, kazi ya kwanza ilikuwa kutenganisha hitilafu za asili na zile zilizoletwa na matibabu.

Hoja yangu katika kisa hiki ni moja. Kinachoitwa seva ya wavuti yenye hifadhidata na lugha ya programu ni programu tatu zilizotungwa na watu tofauti, katika nchi tofauti, bila kupangwa kuwa kitu kimoja: Apache ilitolewa mwaka 1995, PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka huo huo, MySQL ikazaliwa Uswidi kipindi hicho hicho, na jina la pamoja la LAMP, ambalo linaongeza Linux mwanzoni, lilikuja mwaka 1998 katika makala ya Michael Kunze kwenye jarida la Kijerumani la c't. Kila moja peke yake ni imara na imejaribiwa na dunia nzima. Ubovu hukaa kwenye maungio, yaani pale Apache inapoikabidhi PHP faili, na pale PHP inapoifikia hifadhidata. Kila ungio lina jaribio lake la mistari miwili mitatu, na jaribio hilo likifanywa kabla ya kuingiza msimbo wa zamani, hitilafu inayobaki hujulikana mara moja kuwa ni ya msimbo. Likiachwa, fundi hujikuta mbele ya ukurasa mweupe ambao sababu yake inaweza kuwa mahali popote.

Ungio la kwanza lilikuwa halipo kabisa. Fundi alikuwa amesakinisha kifurushi cha php-cli, ambacho huiwezesha PHP kufanya kazi kwenye dirisha la amri, na alipoandika amri ya kuuliza toleo alijibiwa 8.2, akaridhika kwamba PHP imo. Ilikuwamo kweli, ila Apache haikuwa na habari nayo. Kwa Apache, faili lenye kiishio cha .php bila moduli ya kulitekeleza ni faili kama faili jingine: hulichukua kwenye diski na kumpa aliyeliomba, na kivinjari hulionyesha kama maandishi au hulipakua. Kilichokosekana ni kifurushi cha libapache2-mod-php, ambacho huja chenyewe mtu anaposakinisha kifurushi kinachoitwa php tu, au badala yake php-fpm kwa anayetaka PHP iendeshwe kama huduma ya pembeni. Kwa ofisi yenye kompyuta chache moduli inatosha, na sioni sababu ya kujitafutia mipangilio ya ziada. Jaribio la ungio hili ni faili la mstari mmoja lenye amri ya phpinfo: likitoa jedwali refu la mipangilio, ungio ni zima, na faili hilo lifutwe siku hiyo hiyo kwa sababu linamweleza mgeni yeyote mambo mengi mno kuhusu mashine.

Moduli ilipowekwa, kurasa kadhaa zikafunguka vizuri, lakini nyingine zikaendelea kutoa vipande vya msimbo, na hapa ndipo fundi alipochanganyikiwa zaidi, kwa kuwa dalili ilifanana na ya kwanza na ugonjwa ulikuwa mwingine. Mwandishi wa mwaka 2009 alikuwa akifungua baadhi ya mafaili kwa alama fupi, <? bila herufi php baada yake. Alama hiyo inategemea mpangilio unaoitwa short_open_tag, ambao katika Debian umezimwa, kwa hiyo PHP hupita juu ya kipande hicho kana kwamba ni maandishi ya kawaida na kukituma kama kilivyo. Kivinjari nacho kikikutana na <? hukichukulia kama maelezo yasiyopaswa kuonekana, hukificha mpaka kifike kwenye alama ya kwanza ya >, na kinachofuata hukionyesha. Ndiyo maana ukurasa wa orodha ya wanachama ulianza katikati ya sentensi: msimbo ulikuwa na mshale wa -> karibu na mwanzo, na kila kilichokuwa kabla ya ncha ya mshale kilifichwa, kila kilichokuwa baada yake kikatokea. Anayetazama ukurasa tu haelewi anaona nini. Anayefungua chanzo cha ukurasa anaona alama fupi mstari wa kwanza na kumaliza kesi. Ingewezekana kuwasha mpangilio ule, lakini ni heri kubadilisha alama zenyewe ziwe ndefu, kwa maana mpangilio unaweza kuzimwa tena siku seva itakapowekwa upya, na siku hiyo msimbo wote utarudi hadharani.

Kabla ya kufika huko, fundi alikuwa amekwisha kushuku haki za mafaili, akaifungua folda nzima ya /var/www kwa 777, yaani kila mtumiaji wa mashine asome, aandike na atekeleze. Dawa hii imeenea sana, na sijawahi kuona kisa ambacho ilikuwa ndiyo inayotakiwa. Apache katika Debian hufanya kazi kwa jina la mtumiaji www-data, na mtumiaji huyo anahitaji kusoma mafaili ya programu, basi. Kuandika anahitaji kwenye folda moja tu ya picha za risiti. Akipewa ruhusa ya kuandika kote, kasoro yoyote katika programu inayomwezesha mtu kupakia faili inamwezesha pia kupachika faili lake la PHP na kulitekeleza. Ndani ya folda hiyo hiyo kulikuwa na nakala ya hifadhidata yenye kiishio cha .sql, iliyoachwa baada ya kupakiwa, yenye majina ya wanachama, namba zao za simu na akaunti zao za malipo, na yeyote aliyeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi angeweza kuipakua kwa kuandika jina lake kwenye kivinjari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamgusa mwenye orodha kama hiyo hata kama yeye ni chama kidogo cha wafugaji. Haki zilirudishwa kuwa 755 kwa folda na 644 kwa mafaili, yaani mwenyewe aandike na wengine wasome tu, na nakala ikahamishiwa mahali ambapo Apache haifiki.

Tofauti ya herufi kubwa na ndogo ilichukua muda mfupi lakini inafaa kusemwa. Windows hailitofautishi faili la Malipo.php na la malipo.php, Linux hulitofautisha. Na MariaDB juu ya Linux hutofautisha vivyo hivyo majina ya majedwali, wakati MySQL juu ya Windows huyahifadhi kwa herufi ndogo. Msimbo ulikuwa ukiita jedwali la Wanachama, nakala ikawa na wanachama. Hapa hakuna cha kuchambua, ni kukaa na kusahihisha.

Ungio la pili, la PHP na hifadhidata, lilikuwa na tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni kwamba msimbo ulitumia mysql_connect na ndugu zake wote, vitendaji (amri za PHP za kuifikia hifadhidata) ambavyo viliondolewa moja kwa moja katika PHP 7.0 mwezi Desemba 2015. Kwa kuwa mipangilio ya Debian haionyeshi makosa kwenye kivinjari, mtumiaji aliona ukurasa mweupe tu, na fundi akadhani Apache imekufa. Apache ilikuwa hai na ilikuwa imeandika sababu kwa jina na namba ya mstari katika faili la /var/log/apache2/error.log. Kuna mafundi wanaosaka intaneti nzima kabla ya kufungua faili hilo. Agizo langu kwa kijana lilikuwa aliache likiwa wazi kwenye dirisha la pembeni muda wote wa kazi, likijisomea lenyewe kila mstari mpya unapoingia.

Tabaka ya pili ni ya utambulisho. Fundi alibadilisha majina ya vitendaji yawe ya mysqli, kundi jipya lililochukua nafasi ya lile la zamani, akakataliwa tena, safari hii na hifadhidata yenyewe. Katika XAMPP ya zamani, root wa MySQL hakuwa na nenosiri na alikubaliwa kutoka programu yoyote ya mashine. MariaDB katika Debian humtambua root kwa njia tofauti: humwuliza mfumo endeshi ni nani anayepiga hodi, na kama si root wa mashine humrudisha. PHP ndani ya Apache ni www-data, kwa hiyo hurudishwa, na ni haki irudishwe. Fundi alimpa root nenosiri na kuliandika ndani ya msimbo, na mlango ukafunguka. Ulifunguka mno. Programu ya kuandika lita za maziwa haina sababu ya kuwa na uwezo wa kufuta hifadhidata zote za seva. Tuliunda mtumiaji mwenye hifadhidata moja na ruhusa tatu, kusoma, kuingiza na kurekebisha, pasipo kufuta. Katibu alilalamika kidogo kwamba kitufe cha kufuta rekodi kimekufa, naye mhasibu akamkumbusha kwamba kwenye kitabu cha hesabu kosa husahihishwa kwa ingizo la pili na halifutwi kwa kifutio.

Baada ya maungio yote mawili kushika, mfumo ukaanza kutumika, na hitilafu iliyobaki ikawa ni ile iliyofichwa ndani ya msimbo kwa miaka yote hiyo. Aliyeigundua ni karani wa mapokezi, mama wa makamo anayeandika haraka kuliko wote ofisini. Pamoja na lita, fomu ina sehemu ya maelezo, na siku moja alimwita fundi.

“Mwanangu, hili linanikataa. Nikiandika ng'ombe anaumwa halihifadhi. Nikiandika mbuzi linapita.”

“Andika mnyama kwanza, mama. Nitaliangalia.”

Kwa muda, daftari la chama cha wafugaji wa ng'ombe likajaa wanyama wasiojulikana. Lakini maneno ya karani yalikuwa uchunguzi kamili, na fundi angeweza kuyaandika kama yalivyo kwenye ripoti. Msimbo ulikuwa ukitunga amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, kwa kuunganisha vipande vya maandishi: mwanzo wa amri, kisha ritifaa ('), kisha alichoandika mtumiaji, kisha ritifaa ya kufungia. Neno likiwa na ritifaa ndani yake, hifadhidata huiona ile ya katikati kama ndiyo ya kufungia, na herufi zilizobaki, ombe anaumwa, huzisoma kama sehemu ya amri ambayo haina maana. Kwenye mashine ya zamani jambo hili halikuonekana kwa sababu PHP ya wakati ule ilikuwa na mpangilio ulioitwa magic_quotes_gpc, ambao ulitia mkwaju wa nyuma (\) kabla ya kila ritifaa iliyotoka kwenye fomu, bila kuulizwa. Mpangilio huo uliondolewa katika PHP 5.4 mwaka 2012, na waliouondoa walikuwa na hoja nzuri, kwa kuwa ulikuwa ukiharibu data mahali pengi kuliko ulipoiokoa. Mwandishi wa programu hii hakujua kwamba alikuwa akilindwa, na hakuna aliyejua kwamba ulinzi umeondoka mpaka ng'ombe alipokataliwa.

Uzito wa jambo hili hauko kwenye ng'ombe. Ikiwa ritifaa iliyoandikwa kwa nia njema inaweza kuivunja amri, iliyoandikwa kwa nia mbaya inaweza kuiongezea, na mtu mwenye simu na Wi-Fi ya ofisi angeweza kujiongezea lita au kusoma jedwali la malipo la wenzake kupitia kisanduku cha maelezo. Kwa hiyo nilikataa pendekezo la kuziondoa ritifaa zote kabla ya kuhifadhi, ambalo lingeondoa usumbufu na kuacha tundu wazi kwingineko, mbali na kumwandikisha karani ngombe kila siku. Dawa ni kuitenga amri na thamani: amri hutumwa kwanza kwenye hifadhidata ikiwa na alama za kuulizia mahali pa thamani, hifadhidata huielewa na kuiandaa, kisha thamani hufuata peke yake na haichukuliwi tena kuwa sehemu ya amri hata ikiwa na ritifaa kumi. Mysqli na PDO, njia mbili za PHP za kuongea na hifadhidata, zote zinaiweza kazi hiyo. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu kila swali la SQL katika programu hubadilishwa kwa mkono, na ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya muda wote wa ukarabati. Lakini katika kisa kizima hii ndiyo sehemu ambayo nisingekubali ipunguzwe.

Kulikuwa na utata mmoja uliotuchelewesha. Katibu, ambaye huingiza daftari la Maweni kwa simu yake, alishikilia kwamba kwake ng'ombe hupita bila taabu, na alikuwa mkweli. Baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda mtu anapoandika, na kwa kompyuta, hizo ni herufi mbili tofauti kabisa; iliyopinda haina kazi yoyote katika SQL, basi hupita salama. Tulipokagua safu ya maelezo tukakuta neno hilo moja limeandikwa kwa namna tatu: lenye ritifaa iliyonyooka, lenye iliyopinda, na lenye mkwaju wa nyuma kabla ya ritifaa, mabaki ya miaka ambayo mpangilio wa zamani na msimbo vilitia mkwaju kwa zamu. Anayetafuta ng'ombe wanaoumwa angepata sehemu tu ya rekodi na asijue kwamba amekosa nyingine. Kitendaji cha SQL kiitwacho REPLACE kilizifanya zote ziwe moja, baada ya nakala kuchukuliwa.

Ugumu wa MariaDB mpya kuhusu thamani tupu ulizua malalamiko pia. Mfugaji asipoleta maziwa ya jioni, karani huacha nafasi wazi, na msimbo hutuma maandishi matupu kwenye safu ya namba. MySQL ya zamani iliyageuza kuwa sifuri kimyakimya. MariaDB, tangu 10.2, huja na hali ya ukali ambayo huyakataa, na PHP tangu 8.1 husimamisha ukurasa papo hapo mysqli inapokataliwa badala ya kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi alikuwa tayari kuzima ukali huo. Niliona afadhali ubaki, kwa kuwa mfugaji ambaye hakuleta maziwa na mfugaji ambaye maziwa yake yalipimwa yakakataliwa ni watu wawili tofauti siku ya kukokotoa bonasi, na sifuri ya kimyakimya ilikuwa ikiwachanganya. Nafasi wazi sasa huhifadhiwa kama NULL, yaani hakuna thamani.

Kisha likaja suala la saa. Jedwali la mapokezi hukubali ingizo moja kwa mwanachama mmoja, tarehe moja, awamu moja, na awamu huamuliwa na PHP kwa kutazama saa: kabla ya saa sita mchana ni asubuhi, baada yake ni jioni. Wafugaji waliofika ofisini saa nane na nusu mchana wakawa wanakataliwa kwa maelezo kwamba maziwa yao ya asubuhi yamekwisha kuandikwa, wakati waliofika baada ya saa tisa alasiri hawakupata tatizo. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia ya UTC, na PHP isipoelezwa iko wapi hutumia UTC. Kwake, saa nane na nusu ya Tanga ni saa tano na nusu asubuhi. Fundi alikuwa ameshalitambua hilo na kuandika Africa/Dar_es_Salaam kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, akajaribu kwenye dirisha la amri, akapata saa sahihi, na ukurasa ukaendelea kukosea. Debian ina php.ini zaidi ya moja: iliyo ndani ya /etc/php/8.2/cli husomwa na dirisha la amri, iliyo ndani ya /etc/php/8.2/apache2 husomwa na Apache. Alikuwa amerekebisha ya kwanza. Ukurasa wa phpinfo hutaja karibu na mwanzo wake ni faili gani la mipangilio lililosomwa, na huo ni mstari ambao mtu anapaswa kuutazama kabla ya kugusa php.ini yoyote.

Hitilafu ya mwisho ililetwa na umeme. Ulikatika wakati wa kuandaa malipo ya nusu mwezi, na uliporudi jedwali la malipo likawa halifunguki mpaka likarabatiwe. Lilipofunguka, baadhi ya wanachama walikuwa wamewekewa alama ya kulipwa na makato yao hayakuwa yamepunguzwa. MariaDB ilipewa lawama ambayo haikuwa yake. Nakala iliyotoka kwenye mashine ya zamani ilikuwa imetaja kwa kila jedwali kwamba liundwe kwa MyISAM, mojawapo ya injini zinazohifadhi data ya majedwali, na MariaDB ikatii. MyISAM haina miamala, na haijui kurudi nyuma kazi inapokatika katikati. InnoDB, ambayo imekuwa chaguo la kawaida la MySQL tangu 5.5 ya mwaka 2010 na ndiyo ya kawaida katika MariaDB pia, huandika kwanza kusudio lake kwenye jarida la pembeni, na seva inapowaka tena hulisoma jarida hilo, hukamilisha yaliyothibitishwa na kutengua yasiyothibitishwa. Majedwali yote yalibadilishwa kuwa InnoDB kwa amri moja kwa kila jedwali. Mabadiliko hayo peke yake yasingetosha kwa malipo: msimbo ulilazimika pia kufungua muamala kabla ya kumwekea mwanachama alama ya kulipwa, kupunguza makato yake, na kuufunga muamala baada ya yote mawili, ili ikikatika katikati pasiwe na lililofanyika. UPS ilinunuliwa vilevile, na ni vizuri iwepo, lakini betri yake itachoka siku moja na InnoDB itabaki.

Nakala rudufu huchukuliwa kila usiku kwa mariadb-dump ikiwa na chaguo la --single-transaction, ambalo nalo hutoa picha iliyo sawa kwa majedwali ya InnoDB peke yake, na huwekwa kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini.

Linalosubiri uamuzi ni Muheza. Uongozi unataka karani wa kule aingize lita zake mwenyewe badala ya kusubiri gari, na fundi amependekeza mlango wa 80, ambao Apache husikiliza, ufunguliwe kwenye ruta ili seva ionekane kutoka intaneti. Kwa hali ya msimbo ulivyo sasa siungi mkono, kwa kuwa ukurasa wa ripoti za mwaka bado una maswali ya SQL yaliyoungwa kwa njia ya zamani, na nenosiri la karani lingesafiri wazi bila HTTPS, njia inayoficha data inaposafiri. Cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt ni cha bure, ila kwa kawaida hutolewa kwa jina la kikoa, ambalo chama hakina bado. Njia niliyoiandika kwenye mapendekezo ni WireGuard, njia ya faragha iliyofungwa (VPN), kati ya kompyuta ya Muheza na seva ya Tanga, hivyo kwamba kwa dunia nyingine seva haipo, na hata ndani ya ofisi mlango wa 3306 wa MariaDB ubaki ukisikiliza 127.0.0.1 pekee, yaani seva yenyewe. Ruta ya Muheza haijanunuliwa, na daftari linaendelea kuja na gari.